Mshipa upi wa shingo, daktari?

Juzi nilimsindikiza shangazi yangu wa Kisauni hospitalini. Figo zake zimechoka, na daktari akasema atatiwa mpira kwenye mshipa wa shingo ili damu isafishwe kwa mashine. Shangazi akakataa katakata. "Mwanangu, mshipa ukiguswa si nitapooza?"

Kwetu Pwani neno hili limebebeshwa mengi. Mshipa hupitisha damu. Mshipa wa fahamu, ambao wataalamu huuita neva, hupeleka hisia na kuamrisha misuli. Tena mshipa ni yale maradhi ya kinena ambayo wazee huyataja kwa kunong'ona. Daktari alimaanisha wa damu, shangazi akasikia wa fahamu.

Mimi sioni ubaya wa kukopa. Ateri hutoa damu moyoni, vena huirudisha. Shingoni, kila upande, kuna vena ya jugula ya nje, ile inayotutumka mtu akipiga ukelele, na ya ndani, iliyojificha chini ya msuli ubavuni mwa ateri ya karotidi. Mpira wa shangazi ulikusudiwa jugula ya ndani ya kulia, kwa kuwa aghalabu ndiyo pana na njia yake ya kwenda moyoni imenyooka.

Lakini hatukuumbwa kwa ramani moja, na jarida la Anatomy Journal of Africa, linalotolewa Nairobi, limesheheni ripoti za tofauti za mishipa. Kuna watu wasio na jugula ya nje upande mmoja, na wengine wanazo mbili. Jugula ya ndani nayo huweza kulala mbele ya ateri. Sindano ikipitiliza, inatoboa ateri yenyewe. Mara chache hugawanyika njia mbili kisha ikaungana tena, na neva inayosaidia kuinua bega ikapenya katika uwazi huo. Mpasuaji anayeondoa tezi zenye saratani asipoigundua, anaweza kuikata, na bega likalegea. Ndiyo sababu shingo humulikwa kwanza kwa ultrasaundi.

Basi nikamwambia shangazi: ni vena, si neva. Akanyamaza kidogo, kisha akamgeukia daktari. "Na yangu mimi imekaa wapi?"

Daktari akampaka mafuta shingoni, akaisogeza mashine na kumwonyesha kwenye kioo duara mbili nyeusi, moja ikidunda. Shangazi akazitazama sana. Halafu akaomba kalamu.