Je, Wajua? Pua ya Gari Lako

Kwenye kaunta ya duka la spea ziko filta mbili za hewa. Ya kwanza ni ya karatasi iliyokunjwakunjwa, ukingo wake mpira, bei yake ya kawaida. Ya pili ni ya pamba iliyolowa oili nyekundu, au ni koni yenye kofia ya bati linalong'aa, na bei yake ni mara kadhaa ya ile ya kwanza. Muuzaji ana maneno matatu juu ya hii ya pili: gari litachanganya, ulaji wa mafuta utapungua, na hutanunua filta tena. Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi, na kwa miaka kadhaa niliyaamini. Tuyapime, lakini tuanze na kazi yenyewe ya filta.

Je, wajua kuwa lita moja ya petroli haiungui bila lita 9,000 hivi za hewa? Kila gramu ya petroli huhitaji gramu 14.7 za hewa. Lita ya petroli ina uzito wa karibu robo tatu ya kilo, kwa hiyo inataka karibu kilo 11 za hewa, na hewa ni nyepesi mno. Tangi la lita 50 likiisha, gari limeshavuta hewa ya kujaza karibu madarasa matatu ya shule ya msingi, sakafuni hadi darini. Mtu aliyeketi ametulia huvuta lita 6 hadi 8 kwa dakika. Injini ya lita 1.8 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, nawe umekanyaga mafuta hadi chini, huvuta lita 2,700 kwa dakika hiyohiyo. Hewa yote hiyo hupita kwenye kitu kidogo kuliko karatasi ya A4.

Udogo huo ni wa macho tu. Siku moja nilichukua filta kuukuu ya gari dogo, nikachana ukingo wake kwa kisu, nikaikunjua juu ya mkeka huku nikishika futi ya fundi cherehani. Ilikuwa na mikunjo 58, kila mmoja una kina cha sentimeta 4.5 na urefu wa sentimeta 17. Ukihesabu pande zote mbili za kila mkunjo unapata zaidi ya sentimeta za mraba 8,800. Hiyo ni zaidi ya nusu ya upande mmoja wa kanga, imelala ndani ya boksi la plastiki chini ya boneti. Upande wa nje ulikuwa mwekundu kwa vumbi, na chini kabisa kwenye mikunjo palikuwa na mabawa ya kumbikumbi, nyuzi za nyasi na punje za mchanga. Upande wa ndani ulikuwa safi kama siku ya kununuliwa.

Je, wajua kuwa filta iliyokwisha kushika vumbi kidogo huchuja vizuri kuliko mpya? Wengi tunaidhania filta kuwa chekeche: kikubwa kinakwama, kidogo kinapita. Sivyo inavyofanya kazi. Nyuzi za karatasi zimelala ovyoovyo, na hewa hulazimika kupinda na kupinda tena. Punje nzito ya vumbi hushindwa kukata kona, hujigonga kwenye uzi na kunasa. Punje ndogo sana nazo hutangatanga ndani ya hewa hadi ziguse uzi, nazo zinanasa. Baada ya muda vumbi lililonasa lenyewe linakuwa tabaka la kuchujia, na kinachopita kinapungua zaidi. Ndiyo maana ile tabia ya kuitoa filta kila wiki na kuigongagonga kwenye tairi ina hasara. Kila ukiigonga unaliondoa tabaka zuri, unalegeza ukingo wa mpira, na vumbi la juu linadondokea ndani ya boksi. Kuipuliza kwa kompresa pua ya mpira ikiwa imeikaribia karatasi ni vibaya zaidi, maana upepo ule unaweza kuipasua mahali usipopaona. Na kuiosha filta ya karatasi kwa petroli, jambo ambalo bado nalikuta gereji, ni kuiua. Karatasi ile imepikwa kwa gundi maalumu na haikutengenezwa ioshwe.

Kwa nini vumbi liogopwe hivyo? Sehemu kubwa ya mchanga ni kwatzi, na kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs kwatzi ina namba 7, wakati kioo cha kawaida kina 5.5 hivi. Kitu kinachokwaruza kioo kikiingia kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda, hukwaruza kila pistoni inapopanda na kushuka. Punje mbaya kuliko zote ni zile za mikroni 5 hadi 20, yaani ndogo kuliko unene wa unywele wenye mikroni 70 hivi, kwa sababu zinatosha kuingia kwenye utando mwembamba wa oili na bado zina ukubwa wa kugusa chuma pande zote mbili. Injini haifi siku hiyo. Inaanza kula oili, kisha moshi wa bluu unatoka asubuhi, kisha fundi anakuambia ringi zimekwisha. Wenye malori na mitambo ya migodini hulijua jambo hili mapema, kwa kuwa hupeleka oili chafu maabara kupimwa silikoni. Silikoni ikipanda ghafla, mtu wa kwanza kuulizwa ni aliyefunga filta ya hewa.

Trekta ndizo zilizofundisha somo hili. Mwaka 1915, huko Minnesota nchini Marekani, Frank Donaldson aliyekuwa akiuza matrekta alianza kutengeneza vichujio vya hewa baada ya kuona vumbi la mashambani linavyomaliza injini, na kampuni yenye jina lake ipo hadi leo. Baadaye likaja bakuli la oili, ambalo wazee wa Land Rover za zamani na matrekta ya Massey Ferguson wanalikumbuka vizuri. Hewa inapiga uso wa oili, inageuka kwa ghafla kwenda juu, vumbi linabaki chini. Fundi akilifungua bakuli hilo baada ya msimu wa kulima, anakuta tope zito.

Sasa ile filta nyekundu. Je, wajua kuwa lililotangulia kuipa umaarufu ni duka la pikipiki? Duka hilo, K&N, lilianzishwa mwaka 1969 mjini Riverside, California. Pamba nyembamba ya tabaka kadhaa, iliyobanwa kati ya nyavu mbili za waya na kutiwa oili inayonata, iliwafaa sana waendesha pikipiki wa jangwani. Inaoshwa, inakauka, inatiwa oili upya, inarudi kazini. Ni ubunifu wa kweli, na kwa mtu wa mashindano anayeihudumia mwenyewe kila baada ya mbio, siwezi kumwambia amekosea.

Lakini tuje kwenye nguvu. Injini haivuti hewa kwa miujiza. Uzito wa hewa ya dunia ndio unaoisukuma iingie, na ufukweni msukumo huo ni karibu kilopaskali 100. Filta safi ya karatasi, gari likiwa limekanyagwa hadi chini, huzuia kiasi cha kilopaskali moja tu, mara nyingi pungufu ya hapo. Tuseme filta ya bei kubwa inakata kizuizi hicho kwa nusu. Umepata nusu ya asilimia moja. Kwenye injini ya farasi 120, hiyo ni sehemu ya farasi mmoja, kiasi ambacho dereva hawezi kukihisi. Na hapo ni pale tu unapokanyaga hadi chini. Ukiendesha kawaida, kilango cha hewa kinachofunguka na kufunga kwa pedali ya mafuta kinazuia hewa mara nyingi zaidi ya filta yoyote. Kampuni ikiandika kwenye boksi kuwa filta yake hupitisha hewa asilimia 50 zaidi, huenda ni kweli kwa filta peke yake mezani. Injini haipo mezani.

Na mafuta je? Mwaka 2009 Maabara ya Taifa ya Oak Ridge nchini Marekani ilichukua magari matatu ya sindano za petroli, Buick Lucerne ya 2007, Dodge Charger ya 2006 na Toyota Camry ya 2003, ikayazibia filta makusudi. Ulaji wa mafuta haukubadilika kwa kiasi cha maana. Kompyuta ya gari hupima hewa iliyoingia na kutoa petroli ya kulingana nayo. Hewa ikipungua, petroli nayo inapungua. Kilichoathirika ni muda wa gari kuchanganya: filta safi iliboresha muda huo kwa asilimia 6 hadi 11 ukilinganisha na iliyoziba. Gari la zamani la kabureta ndilo lililookoa mafuta kwa kupewa filta safi, asilimia 2 hadi 6. Basi jiulize: ikiwa filta iliyoziba haiongezi ulaji wa gari la kisasa, ile nyekundu itaupunguza kwa njia gani?

Mbona basi rafiki yako anaapa kuwa gari lake limebadilika? Kwa sababu lina sauti mpya. Boksi la filta la kiwandani limepimwa ili lizime mngurumo wa hewa inayovutwa. Ukilitoa na kufunga koni wazi, kila ukikanyaga mafuta injini inaunguruma, na sikio linauhesabu mngurumo huo kuwa nguvu. Tena koni iliyo wazi chini ya boneti inavuta hewa ya moto. Hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi kwa karibu asilimia 9 kuliko ya nyuzi 30. Umetafuta nusu ya asilimia, umepoteza tisa. Bomba la kiwandani linalochungulia mbele, karibu na taa, liliwekwa pale ili livute hewa ya baridi.

Hata mahali unapoishi pana nguvu kuliko filta. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huko ni pungufu kwa karibu asilimia 18 ikilinganishwa na Mombasa. Gari lisilo na turbo likipanda kutoka pwani linahisi tofauti hiyo vizuri, na hakuna filta ya dukani inayoweza kuirudisha.

Je, wajua kuwa vumbi la kupimia filta nyingi duniani lina asili moja? Kipimo kinachotumika kinaitwa ISO 5011, na vumbi lake hutokana na mchanga wa jimbo la Arizona, uliosagwa na kupangwa kwa ukubwa wa punje. Linapulizwa kwenye filta kwa kipimo hadi filta inakaribia kuziba, kisha linapimwa lililonaswa na lililopenya. Hapo ndipo asilimia ndogo zinapotisha. Filta inayonasa asilimia 99 na inayonasa asilimia 97 zinaonekana kama ndugu. Lakini katika kila gramu 100 za vumbi, moja imepitisha gramu 1 na nyingine gramu 3. Injini inakula kile kilichopita. Kwa hiyo muuzaji akikutajia upepo, muulize kuhusu vumbi: kwa ISO 5011, inanasa asilimia ngapi? Asipokuwa na jibu, amekupa nusu ya habari, tena nusu isiyo na faida kwako.

Na neno la tatu, la kutonunua filta tena, linakuja na ile oili nyekundu. Magari mengi ya leo yana sensa ya kupima hewa, uzi mwembamba wenye joto uliosimama nyuma tu ya filta. Mtu akiosha filta ya pamba na kuimwagia oili kupita kiasi, ukungu wa oili unafuata hewa na kuganda kwenye uzi ule. Sensa inasoma hewa pungufu, kompyuta inakosea petroli, taa ya injini inawaka kwenye dashibodi, na fundi anaanza kubadilisha plagi zisizo na kosa. Ukiamua kutumia filta ya aina hiyo, iache ikauke yenyewe kabisa kivulini, kisha tia oili kidogo tu, mstari kwa mstari.

Wanaojua vumbi zaidi yetu sote ni watu wa Safari Rally. Mbio hizo zilianza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na ziliporejea kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, eneo la Kedong karibu na Naivasha likawa gumzo. Vumbi la pale, wanaloliita feshi-feshi, ni laini kama unga na linafunika magurudumu. Magari ya mbio huvishwa bomba refu linalopanda pembeni ya kioo hadi juu ya paa, kwenda kutafuta hewa safi. Hilo ndilo pambo la mbio ambalo mwenye pikapu wa barabara ya vumbi anaweza kuliiga kwa faida, pamoja na kichujio cha kuzungusha hewa kinachotupa mchanga nje kabla haujafika kwenye karatasi.

Uamuzi wangu ni huu. Kwa gari la kwenda kazini, shambani au safari ya mkoani, nunua filta ya karatasi ya kampuni inayoaminika, kwa namba ya spea inayolingana na gari lako. Bonyeza ukingo wake wa mpira dukani. Ukiwa mgumu au una mwanya, iache hapohapo. Ukiishi kwenye lami, fuata kilomita za kitabu cha gari. Ukiishi kwenye vumbi, punguza kilomita hizo kwa nusu.

Na kesho asubuhi, injini ikiwa bado ya baridi, fungua klipu za boksi, toa filta, kisha pitisha kitambaa cheupe kilicho safi ndani ya bomba linaloelekea kwenye injini. Kitambaa kikitoka cheupe, filta yako inafanya kazi. Kikitoka na vumbi, usiwashe gari kabla hujajua vumbi hilo limepita wapi.