Chai Isiyonyweka: Tulivyojifunza Mpaka wa Mchezo na Kamari Nyumbani Kwetu Katesh

Ndugu msomaji, kwa watu wa Katesh chai haihitaji utangulizi. Upepo wa jioni unaoteremka kutoka mlima Hanang, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, ndio unaotukusanya kando ya birika, na mwezi Juni unapoingia, asiye na kikombe mkononi huonekana kama mgeni. Ila Juni ya mwaka jana, watoto wakiwa likizo, tuliletewa chai ya namna nyingine: chai isiyonyweka.

Shemeji yetu anayeishi Kanada alikuja kututembelea, na miongoni mwa zawadi zake lilikuwamo boksi la mchezo wa mezani uitwao Chai. Mchezo huo ulibuniwa na Dan na Connie Kazmaier na kutolewa mwaka 2019 na kampuni ya Steeped Games ya hukohuko Kanada. Shemeji aliondoka kabla ya kutufundisha, akatuachia boksi na kijitabu cha maelezo cha Kiingereza.

Babu, mzaliwa wa Kondoa aliyehamia Hanang kwa biashara tangu ujana wake, alilitazama boksi lile akatikisa kichwa. "Nimeona chai ikinywewa," alisema, "na nimeona chai ikidaiwa na watu wenye mihuri maofisini. Chai ya kuchezwa ndiyo naisikia leo." Kitinda mimba wetu akamjibu, "Babu, siku hizi mitaani chai maana yake ni uongo." Tulicheka, lakini Babu hakuwa amemaliza. Alilivuta boksi, akatoa kila kilichomo, kadi, vikombe vidogo, vigae na sarafu za bandia, akavipanga juu ya mkeka. Alikuwa akitafuta dadu. Hakuiona.

Sababu ya kutafuta dadu twaijua wengi. Katika Sahih Muslim imepokewa hadithi ya Mtume (SAW) yenye makemeo makali juu ya mchezo wa nardi, ule unaoendeshwa kwa kete za kurushwa, na Abu Daud naye amepokea hadithi yenye maana hiyo. Ama sataranji, wanazuoni wamehitilafiana: wapo walioiharamisha moja kwa moja, na yapo madhehebu yetu ya Imam Shafii yaliyoihesabu kuwa ni makuruhu maadamu haina dau wala haimpotezei mtu Swala. Mchezo uliobuniwa juzi hatuwezi kuukuta kwa jina katika vitabu vya kale, bali tunaupima kwa mizani hiyohiyo. Tulimwendea ustadhi wa madrasa, tukamweleza namna unavyochezwa, naye akatupa masharti manne: pasiwe na dau, pasiwe na Swala itakayocheleweshwa, pasiwe na matusi wala kiapo, na usiwe mchezo wa kila siku. "Mkivunja moja," alisema, "fungeni boksi."

Basi tukaanza kujifunza. Binti yetu wa kidato cha pili ndiye aliyekuwa mkalimani. Alisoma aya moja ya Kiingereza, akatuambia kwa Kiswahili, nasi tukajaribu. Kila mchezaji, na waweza kufika watano, ni mfanyabiashara wa chai. Wateja wana kadi zao za maagizo: huyu ataka chai yenye tangawizi na limau, pamoja na asali, yule ataka mnanaa na maziwa. Zamu yako ikifika unachagua jambo moja kati ya matatu: kwenda sokoni ununue vionjo kwa sarafu, kwenda stoo uchukue sukari, maziwa au asali, au kuchukua kadi mpya. Ukishakamilisha agizo, kikombe kinaondoka kwa mteja, nawe unapata alama. Mwishoni alama zinahesabiwa.

Usiku wa kwanza hatukuuza vikombe vya maana. Kila mmoja alikuwa akijilimbikizia tangawizi kwa kuhofia kwamba mwenzake ataimaliza, na maagizo ya wateja yakabaki mezani kama barua zisizofunguliwa. Babu, aliyekuwa akijifanya anasoma gazeti, alishindwa kunyamaza. Alituuliza kama tunajua jina la tulichokuwa tukifanya. Tulipokaa kimya alisema: "Hiyo ni ihtikari. Mnahodhi bidhaa, na mteja anaondoka na kiu. Sheria yetu imeikataza, na kumbe hata katika mchezo haileti faida." Kesho yake aliketi nasi.

Tena alituzidi upesi. Pale sokoni vionjo hupangwa kwa vigae, na kanuni ni kwamba ukinunua kigae kimoja, vya aina hiyohiyo vinavyogusana nacho hufuatana nacho. Sisi tulitazama kigae kimoja kimoja. Yeye alisubiri hadi vitatu vikae pamoja ndipo anyooshe mkono. Tulipomuuliza siri yake alicheka, akatukumbusha bao la kete. Mtu aliyekua akitazama mashimo 32 na kete 64, akihesabu kichwani namna zitakavyozunguka na shimo gani zitaangukia, hawezi kushtushwa na vigae vichache vya mnanaa. Bibi naye, ambaye hajawahi kukaa darasani, aliwatambua wateja kwa picha na rangi za kadi, wala hakukosea agizo hata moja.

Ndani ya juma moja watoto walikuwa wamejifunza mengine pasipo kuambiwa wasome. Waligundua kwamba chai ya kijani na chai nyeusi hutokana na mmea mmoja, na kinachozitenga ni namna majani yanavyotayarishwa baada ya kuchumwa. Waliuliza mbona milimani kwetu hamna mashamba ya chai, nasi tukachukua ramani ya Tanzania tukawaonyesha Mufindi, Njombe, Rungwe, Lushoto na Bukoba. Hanang kwetu ni alizeti, mahindi na ngano. Chai yetu husafiri safari ndefu kabla ya kukutana na maziwa ya ng'ombe wetu.

Ndipo ikaja jioni ambayo ndiyo iliyotufanya tuandike makala haya. Kijana wetu mkubwa, mwenye umri wa miaka 19, aliyekuwa amepoa kwa siku nyingi na ambaye mchezo ule ndio uliomrudisha kuketi nasi, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Sarafu hizi za plastiki hazina ladha. Tuweke shilingi mia mia, mshindi achukue zote. Ni ya kuchangamsha tu."

Mia mia! Nani angeumia kwa shilingi mia? Mdogo wake alikwisha kuingiza mkono mfukoni. Babu aliweka kikombe chake chini, akaanza kukusanya vigae na kuvirudisha ndani ya boksi, kimoja baada ya kingine, bila kumkemea mtu. Alipomaliza alisema kuwa jana mezani pale palikuwa na mchezo, na leo pameletwa maysir, na kinachotenga vitu hivyo viwili si ukubwa wa fedha. Alitukumbusha maana ya aya ya 90 na 91 za Surat al-Maida: kwamba Mwenyezi Mungu ameutaja ulevi na kamari pamoja, akaamuru viepukwe, na akabainisha kwamba shetani hutumia viwili hivyo kupanda uadui baina ya watu na kuwazuia wasimkumbuke Allah na wasiswali.

Kijana wetu aliinuka akatoka nje. Tulidhani amekasirika. Aliporudi uso wake ulikuwa umelowa, na haikuwa mvua. Alituambia jambo ambalo hatukulitazamia. Magunia mawili ya alizeti tuliyomtuma kuuza mwezi wa Mei hayakuuzwa kwa bei mbaya kama alivyotueleza. Bei ilikuwa nzuri. Shilingi 60,000 za fedha zile alizipeleka katika mikeka ya mechi za Ulaya kwa simu yake, akaliwa. Akajaribu kuzirudisha kwa mashine za sarafu ambazo mitaani huitwa dubwi, akaliwa tena. "Nami nilianza kwa mia mia," alisema.

Msomaji wetu, hapo hatukuwa na neno. Mama yake alilia kwa sababu ya uongo zaidi ya fedha. Sisi wengine tulijiuliza tulikuwa wapi. Tulimwona akiinamia simu usiku, tukaridhika kwamba yumo ndani ya nyumba. Sheria ya nchi inamruhusu aliyetimiza miaka 18 kucheza michezo ya kubahatisha chini ya bodi yake maalumu, lakini ruhusa ya serikali haigeuzi haramu kuwa halali kwa Mwislamu. Nasi wazazi, tuliokuwa wakali juu ya nguo na nywele, kuhusu jambo hili hatukuwahi kukaa na mtoto tukamweleza hata mara moja.

Babu hakumfukuza mjukuu wake, wala hakumwambia kuwa mambo yamekwisha. Alimtaka atubie kwa Mola wake, kisha aturudishie haki yetu kidogo kidogo kwa jasho lake. Akafuta programu zile mbele yetu, akaanza kubeba mizigo gulioni na kulima vibarua. Hadi tunaandika makala haya bado anadaiwa shilingi 15,000, na zimo katika daftari la mama yake. Hatusemi kwamba mchezo wa vikombe umemtibu. Tunasema kwamba ulimkalisha mezani, na alipokaa, alisema.

Boksi lilikaa kabatini wiki mbili. Lilifunguliwa tena tulipokwenda Mbulu kumtembelea mjomba, ambaye hulima vitunguu saumu, zao ambalo Mbulu inasifika kwalo. Njiani vigae kadhaa vya tangawizi vilikuwa vimepotea, na mjomba akatuletea punje za vitunguu saumu zishike nafasi yake. Jioni nzima wateja wetu wa Kanada waliuziwa chai ya vitunguu saumu, na mjomba aliapisha meza nzima kwamba hakuna dawa ya mafua inayoishinda. Binti yetu alimkumbusha kuwa kiapo kimekatazwa mezani, naye akatozwa faini ya kuosha vikombe, vile vya kweli.

Tangu hapo tumejiwekea utaratibu. Tunacheza Jumamosi tu, baada ya Isha, kwa muda wa saa moja, ili Alfajiri isitukute tumelala. Fedha halisi haikai juu ya meza, hata ya chenji. Na kabla ya boksi kufunguliwa, kila mmoja, wazazi kwa watoto, husema jambo moja la juma lake, zuri au baya. Wiki nyingine hayo mazungumzo huimaliza saa nzima, na boksi likabaki limefungwa.

Si kila nyumba itapata boksi kutoka Kanada, wala hakuna haja. Bao la Babu linatosha, na vitendawili vya Bibi vinatosha. Linalotakiwa ni mkeka, birika la chai, na wazazi walio tayari kusikia wasilolipenda. Watoto wetu wamezungukwa na wanaowaita kwenye kamari kwa jina la mchezo, na mwito huo unawafikia hata kitandani kupitia simu. Tusipowajulisha sisi mpaka uko wapi, wataujua siku watakapokuwa wamekwisha kuuvuka.

Tunamwomba Allah (SW) azihifadhi nyumba zetu, awape vijana wetu riziki ya halali na kinaa, na atusamehe sisi wazazi tulipoghafilika. Amin. Wabillahi tawfiq.