Zinaa, Ridhaa na Siri: Maneno ya Hojaji za Afya Vyuoni

Neno likibeba hukumu, swali nalo huhukumu kabla halijajibiwa. Mfano ulio wazi ni "magonjwa ya zinaa", ambayo hojaji za vyuoni huyataja pasipo kusita. Zinaa, neno lililotoka katika Kiarabu, si kujamiiana tu. Ni kujamiiana nje ya ndoa, na katika sheria ya Kiislamu ni kosa. Mwanafunzi wa kike mwenye ndoa yake, aliyeambukizwa kisonono na mumewe, akiulizwa kama amewahi kuugua ugonjwa wa zinaa, atajibuje? Akisema ndiyo, amejishitaki kwa kosa asilolitenda. Akisema la, hesabu ya mchunguzi imeharibika, na kisha wanafunzi watalaumiwa kuwa ni waongo. Yafaa zaidi kusema "magonjwa yanayoambukizwa kwa kujamiiana", ijapokuwa ni maneno mengi, au kuyataja kwa majina yake, kama kisonono na kaswende.

Tasfida nayo ina hatari yake. Katika bweni, kila mwanafunzi "hulala na" mwenziwe wa chumbani.

Kukubali na kuridhia pia si kitu kimoja. Mtu aweza kukubali kwa kuchoka au kwa hofu. Huridhia kwa moyo wake. Mhadhiri agawapo karatasi darasani, naye ndiye atakayesahihisha mitihani ya hao hao, apatacho aghalabu ni kukubali tu. Azimio la Helsinki la 1964, lilipofanyiwa marekebisho mwaka 1975, lilimtaka tabibu ajihadhari hasa ikiwa mhusika yu chini yake, na ridhaa iombwe na tabibu mwingine asiyeshiriki katika uchunguzi. Hapana sababu ya mhadhiri kudaiwa pungufu ya hayo.

Ama "siri", ni neno lihitajilo mtunzaji. Fomu husema "majibu yako ni siri", ilhali muradi wake ni kwamba jina halitaandikwa. Lakini karatasi isiyo na jina ikitaka jinsia, umri na wilaya ya kuzaliwa, katika darasa la watu 12 wenye wanawake 2, jina limekwisha andikwa.

Mwaka 1965 Stanley Warner, Mmarekani, alionyesha njia ya kumsitiri mjibu kwa bahati nasibu. Namna mojawapo iliyo nyepesi ni hii: mjibu hurusha sarafu pasipo kuonekana, ikiangukia upande wa sura ya mtu, husema "ndiyo" vyovyote iwavyo, ikiangukia upande wa pili, husema kweli. Katika watu 100, takriban 50 watasema "ndiyo" kwa amri ya sarafu. Zikipatikana "ndiyo" 65, basi 15 kati ya 50 waliosalia ndizo za kweli, yaani asilimia 30. Wala hapana awezaye kumnyoshea kidole mmoja wao. Njia hii huhitaji watu wengi zaidi, na maelezo yake hayana budi kusomwa kwa sauti na kujaribiwa kwanza kwa swali lisilo na aibu, kama vile nani alikunywa chai asubuhi ile.