Asili ya Maneno 'Character' na 'Tabia'

Neno la Kiingereza 'character' limetokana na Kigiriki, kupitia Kilatini na Kifaransa. Hapo awali lilimaanisha chombo cha kuchongea, kisha alama iliyopigwa juu ya sarafu. Maana ya sifa bainifu za mtu ilishika mizizi katika Kiingereza kwenye karne ya 17. La kuzingatiwa ni kwamba neno 'tabia', tulilolikopa kutoka Kiarabu, nalo lina mzizi wenye maana ya kupiga chapa. 'Matbaa' ni ndugu yake. Hata hivyo, visawe hivi havilingani kikamilifu. Kwa maoni yangu, kamusi inayotoa 'tabia' peke yake humpotosha mwanafunzi wa fasihi, kwani atendaye katika riwaya ni 'mhusika', naye aweza kubadili tabia akabaki mhusika yule yule.