Kanisa Kuu la Mkunazini na Tatizo la Ushahidi wa Soko la Watumwa

Kanisa Kuu la Kristo la Anglikana lililopo Mkunazini, Mji Mkongwe, limejengwa palipokuwa soko la watumwa. Soko hilo lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba baina ya Sultani Barghash na Uingereza, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa siku ya Krismasi ya mwaka huohuo. Utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa kisheria Unguja hadi mwaka 1897; kwa hiyo kanisa lilitangulia uhuru ambao leo linachukuliwa kuwa alama yake. Msimamizi wa ujenzi, Askofu Edward Steere, ambaye wanaisimu humjua zaidi kwa kazi zake za sarufi ya Kiswahili, alifariki mwaka 1882 na kuzikwa nyuma ya madhabahu.

Mapokeo yanasema kwamba madhabahu hiyo ipo pale uliposimama mti wa kuwachapia watumwa. Gumu zaidi ni suala la vyumba vya chini ya jengo la Mtakatifu Monika, ambavyo waongoza watalii huvieleza kuwa mahabusu ya watumwa waliosubiri kuuzwa. Jengo hilo lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa. Kulihoji dai hilo si kuyakana mateso, kwani biashara yenyewe inathibitishwa na nyaraka nyingi. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, Shangani, la Wakatoliki, halibebi mzigo wa simulizi kama hiyo, na pengine ndiyo sababu hutajwa kwa minara yake miwili tu. Sanamu za watumwa za Clara Sörnäs, zilizowekwa Mkunazini mwaka 1998, hazidai kuwa mabaki ya soko: ni ukumbusho uliotengenezwa, na hujitambulisha hivyo.