Kwa Nini Wi-Fi Hukwama Ilhali Umelipa?

Ukiwa kwenye maduka ya Kondele au Kibuye, fungua orodha ya Wi-Fi kwenye simu yako. Huenda ukaona mitandao kumi au zaidi. Kila mwenye duka amelipia intaneti, lakini jioni mwanafunzi anashindwa kutuma kazi yake kwenye saiba. Mara nyingi tatizo haliko kwenye kebo. Liko hewani, ambako majirani wanabanana.

Kampuni za simu hulipia masafa yanayogawiwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya (CA), na kila kampuni ina yake. Masafa ya Wi-Fi ni ya wote. Mwenye duka hahitaji leseni ya masafa hayo, mradi ruta yake iwe imeidhinishwa na isizidishe nguvu inayoruhusiwa. Ni kama ziwa letu: kila mvuvi ana haki ya kutega, lakini nyavu zikirundikana mahali pamoja hunasana.

Ruta husikiliza kabla ya kutuma. Ikisikia nyingine kwenye chaneli yake, hungoja zamu. Kwa hiyo ruta kumi kwenye chaneli moja hugawana muda wa chaneli hiyo.

Masafa ya gigahezi 2.4 yana chaneli 13, ila zimekaribiana sana. Zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Anayechagua 3 akidhani amejitenga huwavuruga wa 1 na wa 6, naye pia huvurugwa. Hapo ruta hazipeani zamu vizuri, kwa kuwa kila moja huisikia nyingine kama kelele.

Wenye biashara katika jengo moja wanashauriwa:

• Wakubaliane nani atumie 1, nani 6, nani 11.

• Watumie gigahezi 5 ruta ikiwa nayo. Haifiki mbali, lakini ina chaneli nyingi zaidi.

• Wapunguze nguvu ya ruta ikiwa duka ni dogo.

• Waunganishe kompyuta zisizohamishwa kwa kebo.

Kununua ruta yenye nguvu zaidi hakusaidii sana. Jirani naye atanunua, kelele itaongezeka, na wote watarudi pale pale.

Ikiwa intaneti bado inakwama hata kwa kebo, lalamika kwanza kwa kampuni inayokuhudumia. Usiporidhika, peleka malalamiko yako CA.