Barabara Nayo Yaweza Kumwangusha Mpanda Baisikeli



Leo napenda kusema nanyi juu ya jambo lihusulo kila nyumba yenye baisikeli. Mtu akigongwa njiani, neno la kwanza tulisemalo ni hili: "Hakuangalia." Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi barabara yenyewe ilikuwa imekwisha kumtegea hatari kabla hajatoka nyumbani kwake.

Twendeni Mwakitolyo, katika mkoa wa Shinyanga, mahali pachimbwapo dhahabu. Lori lililobeba mawe ya dhahabu, pikipiki, kundi la ng'ombe, na mtu aliyefunga gunia la mkaa juu ya baisikeli, wote hukutana katika njia moja. Nani atamwachia mwenziwe nafasi?

Kwanza tutazame ukingo. Sheria yatuagiza kwenda upande wa kushoto, na mpanda baisikeli hushika ukingo. Lakini katika barabara ya udongo, mvua huula ukingo, na changarawe zisukumwazo na magari hukusanyika papo hapo. Gurudumu jembamba likiingia humo huteleza. Likikuta shimo, mpandaji hana budi kulikepuka kwa kuelekea katikati. Dereva ajaye nyuma hakuliona shimo lile. Yeye alimwona mtu akienda sawasawa, mara mtu huyo yu mbele ya gari. Hapo mkosa wa kwanza ni shimo.

Pili, mwendo. Gari liendalo kilometa 30 kwa saa hupita mita 8 kila sekunde. Liendalo kilometa 60 hupita karibu mita 17. Na dereva hupoteza kama sekunde moja, au zaidi, kabla mguu wake haujakanyaga breki. Tena, mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kugonga huongezeka mara nne. Kwa hiyo barabara ikinyoshwa na kutiwa lami, pasipo kuachwa nafasi ya baisikeli kando, safari huwa fupi lakini hatari hukua.

Tatu, mambo yaizungukayo barabara. Nyasi ndefu penye pindo humficha mpandaji. Vibanda vilivyojengwa ukingoni humsukuma katikati. Wakati wa kiangazi lori moja hutimua vumbi, na gari la pili huja ndani ya vumbi hilo bila kuona kitu. Usiku, baisikeli isiyo na taa wala kioo chekundu nyuma ni kama kivuli tu.

Hatari hii si ya kwetu peke yetu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 1,190,000 walikufa barabarani mwaka 2021, na katika kila watu 100 waliokufa, 6 walikuwa wapanda baisikeli. Lakini hali yaweza kubadilishwa. Katika Uholanzi, mwaka 1971, watu wapatao 3,300 waliuawa barabarani, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi walisimama wakadai njia salama. Baadaye njia za baisikeli zilitengwa na za magari, na mwendo wa magari ukapunguzwa penye nyumba za watu, na vifo vikapungua sana.

Sisi nasi tuna la kufanya. Nyasi za penye pindo twaweza kuzifyeka kwa majembe yetu wenyewe, na vibanda twaweza kuvirudisha nyuma. Ukingo ulioliwa na mvua, na haja ya njia ya kando, yafaa kutajwa katika mkutano wa kijiji, kisha habari ipelekwe kwa wenye kazi hiyo: TANROADS kwa barabara kuu na za mkoa, au TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017, kwa barabara za vijijini na mijini. Semeni ni mahali gani hasa, na ni nini kilichoharibika.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa barabara huanzia ukingoni, pale apitapo mtoto wako aendapo shule.

Kwaherini.